Kofia Mpya na Senene wa Baba Mkwe

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeipata! Kofia ya kuchomelea ya kisasa, ile inayojitia giza yenyewe. Ukiwasha moto, kioo kinakuwa cheusi. Ukizima, kinarudi cheupe. Hakuna tena kufunua na kufunika kama sufuria ya ndizi. Nimeichukua leo Bukoba mjini, na baiskeli yangu imebaki huko huko dukani kuwa sehemu ya malipo. Sijali. Nimerudi Nshamba nimeivaa kichwani njia nzima. Joto ajabu.

Muuzaji alinishika mkono akanihutubia. Eti kila mara kabla ya kazi niielekeze juani, nione kama giza linaingia. Eti pale mbele kuna vijicho vinavyohisi mwanga, visifunikwe na chochote, visichafuke. Eti nifute kwa kitambaa laini na maji ya sabuni. Alisema na mengine. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha dukani. Nimependeza mno.

Yote haya ni kwa ajili ya Kokuberwa, mshonaji wa hapa sokoni, mchumba wangu. Jumapili nakwenda kwao Kashozi kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Byarugaba. Mzee ameshakataa wawili. Mmoja alichelewa. Mwingine aliongea wakati wa sala ya chakula. Mimi akinikataa sijui nitaishi vipi, nasema kweli. Ndiyo maana nataka aone fundi wa kisasa.

Rutaihwa, fundi wa ng'ambo ya barabara, ameitazama kofia akasema hongera. Hongera gani ile? Wivu mtupu. Yeye bado anavaa lile dude la kioo cheusi cha siku zote.

Jumanne, 19 Novemba

Balaa. Nimeisugua kofia kwa petroli ili ing'ae. Kioo kimepauka kama jicho la samaki wa juzi. Nilikaa chini nikashika tama.

Rutaihwa akavuka barabara bila kuitwa. Akasema kile cha nje ni plastiki tu ya kukinga, hubadilishwa, na kwa kawaida huwekwa kingine cha akiba kwenye boksi. Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui hata kidogo! Tena boksi nilikwisha kumpa Mama Jesca, jirani yangu, anayeuza vitumbua.

Nikakimbia. Plastiki ya akiba nimeikuta, inanuka mafuta ya kukaangia. Karatasi za maelekezo zote zimeshafungia vitumbua. Mama Jesca amesema ukurasa wenye picha za hatari kauchukua katekista. Basi, angalau mtu mmoja Nshamba atakuwa salama.

Jumatano, 20 Novemba

Siku mbaya. Nilikuwa na geti la mteja. Kwanza nikasaga kingo kwa grenda, na kofia nikaiweka kwenye alama ya kusaga, maana hapo kioo kinabaki cheupe uone unachosaga. Sawasawa kabisa. Kisha nikashika kijiti nichomelee. Alama sikuirudisha.

Loh! Mwanga ulinipiga nikaona rangi ambazo hazina majina. Mkono haukusimama, ukaendelea wenyewe. Nilipopata kuona tena, geti lilikuwa limeungana na meza yangu ya kazi. Kiungo kizuri sana. Sijawahi kuunga vizuri namna ile.

Rutaihwa amekuja na grenda yake kutenganisha. Anapiga mluzi! Na nani kapita wakati huo huo kama si Kokuberwa, na kitambaa cha mteja begani. Akaniuliza kama niliipima juani asubuhi. Nikasema jua lilikuwa na mawingu. Akatazama juu. Kweupe kote. Akasema anachoniomba ni kimoja tu, niipime kila siku kabla sijagusa moto. Nikamwahidi kwa jina la mama yangu.

Alhamisi, 21 Novemba

Senene wameshuka! Watu wote wamechanganyikiwa. Rutaihwa ameshasimamisha mabati yake na mapipa chini yake, na taa kubwa juu. Senene wanafuata mwanga, wanajigonga kwenye bati, wanateleza ndani ya pipa. Leo asubuhi alikuwa anawachambua mabawa kwa uso wake wa kiungwana.

Kokuberwa ameniambia baba yake kwa senene haambiwi kitu. Msimu huu, mkwe akifika Kashozi mikono mitupu, afadhali asifike. Nikamuuliza Rutaihwa kama angeniazima bati moja. Akasema nichukue mawili, na pipa. Anataka nini huyu mtu? Nimekataa. Siwezi kumpelekea baba mkwe senene wa pipa la Rutaihwa.

Halafu, nikiwa nakula, wazo likanijia mpaka kijiko kikaanguka. Senene wanafuata mwanga. Ni mwanga gani wilaya nzima ya Muleba unaoushinda mwanga wa kuchomelea? Na ni nani mwenye kofia ya kuutazama mwanga huo bila kuumia?

Rutaihwa na taa zake atajuta.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika bila kuona mstari. Nisamehewe mwandiko.

Jana giza lilipoingia nilivuta mashine mpaka uani, nikaweka rimu chakavu la gari, nikatandika turubai kubwa la senene. Kofia sikuipima. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na mtu hawezi kupima kwa jua lililozama. Nikawasha.

Walikuja! Mama yangu, walikuja! Wingu zima, kama mtu kamwaga gunia kutoka mbinguni. Nilicheka kwa sauti. Nikawa naunguza kijiti baada ya kijiti juu ya rimu, siungi chochote, natoa mwanga tu. Majirani wakatoka na ndoo. Rutaihwa alikuwa anapiga kelele upande wa pili, eti watoto wageuze nyuso, watu wasitazame. Akatundika blanketi kwenye kamba kuwakinga. Nikajua anawazuia wasione ushindi wangu.

Ndipo senene walipoanza kutua kwenye kofia. Wakatua kwenye vijicho. Kioo kikawa cheupe. Nikawapangusa, kikawa cheusi. Wakatua tena, cheupe. Cheusi, cheupe, cheusi, cheupe! Ningezima, ndiyo. Lakini nani anazima wakati baraka inashuka?

Kisha mmoja akaingia ndani, akapanda shavuni. Wa pili akaingia sikioni. Nikaisukuma kofia mpaka utosini. Kijiti sikukiachia. Nikabuni njia: nafumba jicho moja, natumia jingine, kwa zamu, ili kila moja lipumzike. Niliona ni akili kubwa sana.

Mwisho nikazima, nikaenda kukusanya mavuno yangu. Kwenye turubai palikuwa na senene wa kujaza bakuli moja dogo. Moshi wangu uliwafukuza. Wengine wote walivuka barabara, wakajigonga kwenye mabati ya Rutaihwa, wakajaza mapipa yake mpaka juu. Mwanga wangu! Mapipa yake!

Nililala kwa hasira. Nikaamka kabla ya jogoo nikipiga mayowe. Macho yamejaa mchanga wa moto. Sioni. Nilimwita mama yangu, ambaye yuko kisiwani Bumbire kwa dada yangu na hawezi kunisikia. Aliyesikia ni Rutaihwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimelala gizani, kitambaa usoni. Mama Jesca alikuja na viazi vibichi vya kunibandika, mwingine akaleta maziwa. Rutaihwa akawazuia wote, akanipeleka kituo cha afya. Muuguzi, anaitwa Annastella, alinitia dawa akauliza mwanga ulinipigaje. Nikamweleza habari ya kufumba jicho moja kwa zamu. Akamwita mwenzake aje asikie.

Amesema ni kuungua kwa macho, kutapona nikitulia, lakini nikirudia na kurudia ipo siku halitarudi jicho. Nisiguse moto wowote wa kuchomelea mpaka anipime tena Jumatatu ya tarehe 2 Desemba.

Niandike ukweli. Niliogopa. Nilikuwa nimeshika ukuta wa kituo, nikawaza kwamba Kokuberwa sitamwona uso wake tena, nikalia, na machozi yakauma kuliko macho.

Jioni amekuja mwenyewe. Akakaa, akawa ananibadilishia kitambaa chenye maji baridi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema hataki mume wa kumshika mkono kwenda chooni angali kijana, eti kisa senene. Akasema ananipenda na ndiyo maana anaona hasira. Akauliza kama kesho tuahirishe. Nikasema kamwe! Mzee alishamkataa mtu kwa kuchelewa.

Rutaihwa amejitolea kunisindikiza, na ndoo ya senene waliokaangwa. Nimekubali ndoo. Ni mwanga wangu.

Jumapili, 24 Novemba

Afadhali ningezama ziwani.

Tulifika Kashozi baada ya misa. Miwani myeusi usoni, machozi yakitiririka chini yake. Rutaihwa ananiongoza kwa kiwiko. Nikasikia mtu mbele yangu, nikapiga magoti, nikasema shikamoo waitu, mzee wangu, mimi ni mwanao Clavery, nimekuja kwa heshima zote. Rutaihwa akaninong'oneza kwamba huyo ni ndama.

Ndani tukakaribishwa. Wakaleta akamwani, kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni. Nikanyoosha mkono. Nikakipiga kikapu, kahawa ikatawanyika kwenye nyasi zote za sakafuni. Nyumba nzima ikasema ee! Nikainama haraka kuiokota, nikatia moja mdomoni nionyeshe kwamba nimeipokea. Nikatafuna. Ilikuwa kifungo cha shati.

Mzee Byarugaba akauliza ni yupi kati yetu anayeposa. Kokuberwa akasema ni huyu anayelia. Mzee akauliza analilia nini.

Kisha akaonja senene. Akasema wazuri, akauliza aliyewakamata. Nikasema mimi. Nikamsikia Rutaihwa akimsogezea mzee ndoo. Mzee akataka kujua nimewapataje wengi namna hii, nami nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote. Mwanga, rimu, kofia, macho kwa zamu. Nilidhani atashangaa. Alishangaa.

Akaja akanivua miwani. Akanitazama macho, nilisikia pumzi yake karibu. Akasema kofia haina kosa, kosa ni la kichwa kilichoivaa. Akasema bawaba ya geti lake imekatika. Siku kumi na nne kutoka leo nije peke yangu, macho mazima, na kofia hiyo, niiunge mbele yake. Nikifanya kazi kama mtu mwenye akili, mazungumzo yataendelea. Nikija tena nimeongozwa kwa kiwiko, Kokuberwa atabaki nyumbani kwao, na asisikie jina langu tena.

Njiani Rutaihwa akasema mzee ni mtu mwema, amenipa nafasi. Rahisi kwake kusema. Yeye mama mkwe wangu alimfungia mkungu wa ndizi.

Jumatatu, 2 Desemba

Muuguzi Annastella amenipima. Macho yamepona! Nimeona kila kitu, hata vumbi la barabarani nimelipenda. Amesema nimebahatika, nisijaribu tena bahati.

Kokuberwa amefurahi hadi akacheka. Akachukua kofia yangu, akaifuta kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, akatoa bawa la senene lililokuwa limebanwa kwenye kijicho kimoja. Akaiweka dirishani ipate mwanga. Akaniapisha mara ya pili. Kupima juani kwanza, vijicho visafi, alama ya kusaga irudishwe, na moto ukiwaka kofia isipande utosini hata nikitambaliwa na nyoka. Nimeapa. Naapa na hapa pia. Jumapili hii nitaunga bawaba, basi. Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo Masele, mvuvi wa Bumbire, amekuja niunge kishikio cha nanga. Nilipima kofia juani. Kweli nilipima! Rutaihwa alinipigia makofi kutoka ng'ambo, nikampungia.

Tukawa tunaongea. Masele analalamika dagaa wamekuwa adimu. Wanawavua usiku kwa taa, eti wanafuata mwanga, lakini taa za siku hizi hazina nguvu.

Nikaweka kijiti chini.

Wanafuata mwanga.

Nimewaza tangu mchana, sijala. Mkwe akifika Kashozi na kilo mbili za dagaa ni mkwe wa kawaida. Mkwe akifika na mtumbwi mzima wa dagaa, nani atamuuliza habari za bawaba? Masele ana jenereta ya kuendeshea mashine yangu ya kuchomelea mtumbwini. Anasita kidogo, anasema umeme na maji havipatani, lakini nimemtoa wasiwasi. Tunaingia ziwani kesho usiku. Alfajiri nashuka, Jumapili asubuhi niko Kashozi. Nimeshaifunga kofia ndani ya gunia chini ya kitanda, Rutaihwa asije akanusa mpango.

Kokuberwa alisema niipime juani kwanza. Ningependa sana kumtii. Lakini ni usiku, katikati ya ziwa, jua nitalitoa wapi? Tena hatari ya safari ile ilikuwa ni wale wadudu kutua kwenye vijicho, na hilo nimeshalifikiria kwa makini.

Dagaa hawaruki.