Lakiri Juu ya Matango

Jumamosi, 2 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa maziwa ya mama yako, funga mdomo. Neno moja likifika ofisini, nimekwisha. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye majaribio. Nafasi ya kudumu ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Kidevu. Ofisi nzima inamwita hivyo kwa jinsi anavyokiinua akipita. Mimi namwita hivyo kimoyomoyo tu.

Jana kwenye chai, Mkuu wetu, mama mtu mzima, alilalamika kwamba achari za dukani ni siki tupu. Tangu mama yake afariki, alisema, hajaonja achari ya matango ya kweli. Kidevu akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba marehemu alimzaa yeye. Mnafiki. Mimi nilianza kupiga hesabu. Naishi kwa shangazi, na bustani ya shangazi imefurika matango mpaka tunayakwepa tukienda bafuni.

Jumapili, 3 Machi

Kazi imefanyika. Nimechuma machanga, manene kama kidole gumba. Nimeyaosha, nikakata ncha, nikachemsha chupa. Nimeyapanga wima kama majalada, nikatia kitunguu saumu, pilipili manga na haradali, nikajaza maji ya chumvi. Shangazi alisimama mlangoni akicheka. Akasema hajawahi kuona mtu akipima tango kwa rula.

Akanionya kwamba achari ya chumvi huumuka na kutoa gesi, kwa hiyo kila siku nilegeze vifuniko kidogo, chupa zipumue. Najua. Nimesoma. Mimi si mtoto.

Jumanne, 5 Machi

Wizi! Tena ndani ya nyumba. Chupa ya mbele imefika nusu. Shangazi anadai alikuwa anaangalia chumvi. Kwa uma? Na kipande cha mkate? Nilipomuuliza kwa adabu zote, alinijibu kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini, na kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kumdai hesabu ya matango aliyoyapanda mwenyewe.

Niliudhika mno. Nikamwambia shikamoo, nikaenda kulala.

Uamuzi: chupa zote zinahamia masjala, kabati la majalada ya siri, rafu ya nyuma. Ufunguo ninao mimi.

Jumatano, 6 Machi

Zimefika salama ndani ya mfuko wa nguo. Mlinzi aliuliza nimebeba nini kinachogongana. Nikasema miwani. Akanitazama sana.

Lakini kabati halitoshi. Kidevu ana pua. Kwa hiyo nimekaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikavimwagia lakiri nyekundu, nta ya kufungia barua za siri, nikagonga mhuri wa ofisi juu. Sasa anayegusa ajulikane.

Kuhusu kupumua, nimewaza mpaka kichwa kimeniuma. Ila kanuni ya masjala haina utata: kilichotiwa lakiri hufunguliwa na mwandikiwa peke yake. Mwandikiwa ni Mkuu. Nivunje lakiri ya ofisi ili tango lipate hewa? Nitakuwa karani wa namna gani?

Ijumaa, 8 Machi

Kidevu amemletea Mkuu chupa ya achari. Ya dukani! Bei bado imebandikwa kwenye kitako, na juu amefunga utepe. Mkuu akamwambia asingejisumbua. Yeye akajibu kwamba kwa mama kama yeye hakuna usumbufu. Nilishika meza.

Kisha akapita kwangu, kidevu juu, akaniuliza kama pale kabatini kuna kitunguu saumu au ni mimi. Nikasema ni mimi. Ningesema nini?

Nimechungulia. Vifuniko vimevimba kidogo. Nadhani ndiyo kuiva.

Jumatatu, 11 Machi

Haki lazima iandikwe.

Ofisi ilifungwa siku zote za mapumziko, madirisha hayakufunguliwa, masjala ilikuwa tanuri. Asubuhi Mkuu alituita wote wawili kutuambia nani atathibitishwa. Alisema amefikiria sana, akanigeukia mimi, akatabasamu. Ndipo ukuta ukalia. Paa. Halafu paa tena. Kidevu aliingia chini ya meza. Mimi nilikuwa huko tayari.

Tulipofungua masjala, maji ya chumvi yalikuwa yakichuruzika rafu hadi rafu. Tango moja limelala juu ya jalada la nidhamu. Kipande cha lakiri kimeganda kwenye feni. Mkuu akauliza, polepole, vitu hivi ni vya nani.

Nikamnyooshea Kidevu kidole.

Kidevu alifungua kinywa kukana. Lakini Mkuu alikuwa ameokota tango kutoka chupa iliyopasuka shingo tu, akalifuta, akaling'ata. Akatafuna. Machozi yakamlengalenga. Akasema: "Hii ndiyo ya mama." Kidevu akafunga kinywa. Akainamisha kichwa kama bibi harusi, akasema alijaribu tu, mama.

Amethibitishwa. Mkuu amesema anayeweza kusubiri tango liive ataweza masjala. Mimi nimeongezewa majaribio, na nimetumwa uani kuanika majalada. Jasho ni langu, matango ni ya shangazi yangu, kiti ni chake. Dunia hii!

Jumanne, 12 Machi

Kidevu amekuja uani, kidevu chini. Mkuu anataka chupa nyingine, naye hajui hata maji yanatiwa lini. Akaniita ndugu yangu. Akanibembeleza nimtengenezee, isijulikane.

Nimekubali. Anadhani mimi ni mjinga. Jioni hii nimechuma mengine, na chini ya kila kifuniko nimeweka kikaratasi chenye jina langu kamili. Mkuu akifungua, ukweli utatoka wenyewe. Shangazi amenikumbusha vifuniko vilegezwe. Vilegezwe, ili Kidevu aone karatasi? Safari hii lakiri ni tabaka mbili. Kesho zinaingia kabati la Mkuu mwenyewe, nyuma ya kiti chake.

Ukitaka kunipata, usije dirisha la mbele, Kidevu ndiye anayepokea wageni. Usiandike barua, anazifungua yeye. Zunguka nyuma, pita tangi la maji, fuata harufu ya kitunguu saumu hadi kwenye kamba yenye majalada. Kohoa mara moja. Nisipojibu, angalia chini ya meza.