Kuku na Bata Katika Stoo ya Venance

Jumatatu, 3 Machi 2025. Tegeta.
Mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke Newala. Leo mwanangu Venance ametishia kunirudisha. Uyoga uliniozea, sungura wakatoroka; vifaranga hawa nao wakifa, kasema, nikaishi kwa shangazi yake Margareta. Naukumbuka sana ukungu wa kule. Lakini walionijua wamekwisha, na dada Margareta huwaamsha wageni alfajiri wakapalilie mikorosho. Mgongo wangu!

Vifaranga wa kuku na wa bata wamefika. Wote stoo, chungu kimoja cha mkaa kuwapa joto, sahani moja ya maji. Mkwe wangu Noela kauliza kama wataelewana. Nimemjibu utotoni hakuna ubaguzi.

Jumanne.
Bata wameoga kwenye maji ya kunywa! Maranda sakafuni chapachapa. Kuku wanatetemeka, nami pia. Jirani yetu Mama Atuganile, mfugaji, kachungulia dirishani: shikamoo mzee, watenganishe hao, kifaranga wa kuku akilowa ndiyo basi tena. Nimemwambia nimesoma kitabu kizima. Kasema basi niwasomee na bata.

Alhamisi.
Nimeinua sahani juu ya matofali. Bata wanaifikia. Kuku hawaifikii. Kisha bata wameiangusha, mafuriko upya. Kuku mmoja kalala ubavu, macho kafumba. Nimemtia ndani ya shati apate joto. Venance huyo, karudi mapema! Kaniamkia, kifua changu kikalia piyo piyo. Nikakohoa. Kikajibu. Kasema kesho niende zahanati.

Ijumaa.
Nimeondoa maji kabisa. Akili hiyo! Kumbe bata hawezi kumeza chakula kikavu bila maji. Wawili wamekabwa, wanapepesuka kama walevi. Nimepiga yowe. Mama Atuganile kaja mbio na ubao, kaigawa stoo: bata na maji yao huku, kuku na yao kule. Kasema mzee wangu, unanizeesha. Jioni wote wanakula.

Jumapili.
Wote wazima, hata yule wa shatini. Venance kakagua, kanipa mkono: baba, safari hii umeweza, kaa tu. Mama Atuganile alikuwa amesimama mlangoni. Sikumtaja. Kaguna, kaondoka.

Nimeutoa ubao wake. Unaziba hewa. Katikati nimeweka karai kubwa la maji, kuku nao wajifunze kuogelea wangali wadogo. Newala sirudi.