Muuaji Aliyeitwa Mzee Shiomi

Jumatatu, 5 Machi 1984. Kobe.
Nimeporwa! Majira yote ya baridi nimeifundisha kompyuta maneno ya mchezo wetu wa upelelezi, ili mchezaji aandike amri zake mwenyewe. Leo Bi Shiomi, mchoraji wetu, kaandika mbele ya bosi: mtie pingu. Mashine: sielewi. Mshike. Sielewi. Bosi Inubushi kacheka hadi chai ikamtoka puani. Shiomi kashauri amri zipangwe pembeni mwa skrini: uliza, tafuta, kamata. Mchezaji achague tu. Bosi kakubali papo hapo! Nikatabasamu. Kisha nikambadilisha jina muuaji wa mchezo. Sasa anaitwa Mzee Shiomi. Atakoma!

Jumatano, 7 Machi.
Shiomi hayupo. Baba yake mahututi hospitalini. Bahati iliyoje! Nikamwambia bosi kwamba wazo la amri lilikuwa langu. Kasema vizuri, basi nimalizie na picha za Shiomi. Lo.

Alhamisi, 8 Machi.
Balaa. Kaseti ya mchezo haina nafasi ya kubeba picha, kwa hiyo kompyuta huchora kila chumba upya, mstari kwa mstari, kwa maagizo ya Shiomi. Nilifuta maagizo yaliyoonekana hayana kazi. Maiti ikatoweka. Mauaji bila maiti! Na kesho kaseti zinanakiliwa. Nikapiga simu hospitali, nikasema mimi ni ndugu. Shiomi akaja kwenye simu, sauti imemkauka. Akanitajia yote kwa kichwa, taratibu, hadi maiti ikarudi sakafuni. Akasema, “Nagatsuka, niache nirudi. Baba anakata roho.” Nikauliza, na pazia je, linachorwaje? Simu ikakatika.

Jumanne, 13 Machi.
Tulimzika baba yake Jumapili. Leo Shiomi karudi kazini, macho mekundu. Bosi akamfungulia mchezo ili kumliwaza. Akacheza chumba kwa chumba. Mwishoni akachagua kamata. Skrini ikaandika: Mzee Shiomi ndiye muuaji.
Nilikuwa nimesahau kabisa!
Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Nagatsuka, baba yangu alikukosea nini?”
Nikasema ni jina tu. Bosi akaniambia nichukue koti langu. Kaseti zimeshafika madukani.

Jumatano, 14 Machi.
Sina kazi. Nimelala kutwa, sikula. Nimejuta, kwa kweli. Kesho nakwenda kwa Shiomi na keki za maharagwe, nitainama hadi paji la uso liguse mkeka. Akishalia kidogo, nitamweleza habari za kampuni ninayotaka kuanzisha. Yeye atachora, atatunga amri, atarekebisha makosa. Jina langu litatangulia. Hatakataa. Mfiwa hana nguvu za kubishana.