Mlango wa Kijivu Usiguswe

Jumatatu, 4 Machi

Kobe ametoka sasa hivi kupanga viatu vyote vya nyumba hii mstari mmoja, kuanzia mlangoni hadi uvunguni. Vya baba yake, vyangu, vya mama mkwe, na ndala moja isiyo na mwenzake. Kisha akalala kifudifudi, shavu sakafuni, akaukagua mstari kwa jicho moja. Mama mkwe akavuta kiatu chake aende dukani. Kobe akasema, palepale. Mama mkwe akamwambia ana haraka, mjukuu wangu. Kobe akasema tena, palepale. Mama mkwe ameenda dukani pekupeku.

Mimi nimefurahi. Neno hilo lilikuwa limepotea. Mwanangu alikuwa nalo, kikundi chetu cha wazazi na watoto wa namna yake kikahamishwa kutoka ukumbi wa shule, likaondoka pamoja na ukumbi. Muda mrefu hakusema kitu. Limerudi juzijuzi tu, kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani, tunapokutania sasa. Kobe si jina lake halisi, ila akisikia kelele anaingiza kichwa ndani ya fulana kama kobe, basi la nyumbani likawa hilo. Daktari alisema usonji. Mimi nasema binti yangu.

Sasa habari mbaya. Fundi cherehani ametuambia kwa upole, macho kwenye sindano, kwamba binti yake amemaliza masomo ya saluni na chumba atakihitaji mwisho wa mwezi. Sisi kila tukihama, watoto wanaanza upya. Na wakubwa pia. Kuna kaka mmoja wa makamo, tunamwita Mtangazaji, hurudia kila anachosikia kwa sauti ya redio. Tulipotoka shuleni alikuwa anakwenda kusimama nje ya ule ukumbi, anatangaza kuwa matangazo yamekatika, mafundi wanashughulikia.

Mwenyekiti wetu, Mama Ratiba, akasema safari hii si kuazima tena. Tutafute kituo cha kudumu. Yeye ni nesi, ana mapacha, na hafanyi jambo kabla ya kulichora na kulibandika ukutani: picha ya kufika, picha ya kunawa, picha ya kwenda nyumbani. Anasema watu wetu wanataka kujua kinachokuja. Ni kweli. Lakini anavyolisema, utadhani watoto wote kawazaa yeye.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Kijivu. Mlango kijivu, koti kijivu, hata paka. Nyuma ana stoo kubwa yenye dirisha, bomba na choo, haina kazi. Hajibu salamu. Hamtazami mtu usoni. Watu wanasema ana maringo. Mama Ratiba kasema atakwenda kumwomba, taratibu. Taratibu hiyo itatukuta barabarani. Mimi nina akili ya haraka. Mzee yule anahitaji kushtukizwa na wema.


Jumanne, 5 Machi

Nimemshtukiza.

Asubuhi Mzee Kijivu huenda kunyolewa ndevu, duka linabaki na paka. Nikaingia na ufagio wangu. Nikafagia, nikafuta vumbi, halafu nikazipanga upya ndoo zake, maana zilikaa ovyo. Kubwa nyuma, ndogo mbele, kama ukoo umesimama kupigwa picha. Ilipendeza hadi nikatamani kununua ndoo.

Akarudi. Akasimama mlangoni. Nikangoja shukrani, hata uso nikauandaa. Akazirudisha ndoo moja moja, kila moja pale ilipokuwa, hata ile yenye ufa. Kisha, akizungumza na mizani ya misumari, akaniuliza mimi ni mwizi wa aina gani, naingia na siondoki na kitu.

Jioni Mama Ratiba akaniambia, shoga yangu, kwanza mtu anaomba. Nikamjibu kwamba wema ukiuombea ruhusa unakuwa kibarua. Akasema basi, Mama Kobe, nakuomba wiki hii usinisaidie.

Sikuahidi.


Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa leo ulikuwa kuzimia. Hakuna mtu anayeweza kumwacha mama wa mtu chini mlangoni pake. Angeniingiza stoo nipate kivuli. Ningefumbua macho polepole na kusema, loo, chumba gani hiki chenye hewa nzuri namna hii, mbona kingewafaa watoto.

Jana nilimweleza mume wangu mpango wote, nikamfanyia na mazoezi. Ni fundi wa kuchomelea, amezoea cheche, hashtuki na kitu. Nilianguka, nikaanguka tena, yeye anakula. Akasema ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi, huu wa pili unachagua pa kuangukia. Mtangazaji alikuwa barazani kwetu, amekuja kumsaidia kubeba vyuma. Sikumjali. Kosa langu lilikuwa hilo tu.

Basi leo nimefika mlangoni pa duka, nikashika kichwa, nikaanza kuyumba. Ng'ambo ya barabara Mtangazaji akasafisha koo. Habari kwa ufupi, akasema, na sauti yake inafika mbali. Mama Kobe anatarajiwa kuzimia asubuhi hii nje ya duka la vifaa vya ujenzi. Ataingizwa stoo, atafumbua macho, atasifu hewa. Na sasa hali ya hewa.

Nilikuwa nimeshaanza kwenda chini, kurudi juu haiwezekani. Wateja wakaniruka. Mzee Kijivu akaja akasimama karibu na kichwa changu, akauliza kama nitakaa hapo muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo anapoweka toroli. Nikasema sijui. Akasema yeye anahitaji kujua. Nikainuka. Akaweka toroli.

Mama mkwe amecheka hadi ameshika ukuta. Anasema watu huenda mjini kutazama sinema, mwanawe ameoa moja kaileta nyumbani.


Jumamosi, 9 Machi

Naandika hivi miguu bado ina vumbi la barabara.

Nilifanya sherehe pale kwa fundi cherehani. Nilitaka Mzee Kijivu aione furaha ya kikundi chetu kwa macho yake, avuke barabara mwenyewe, ayeyuke. Mama Ratiba alikuwa zamuni, kwa hiyo hakuna aliyechora kitu. Nikajaza maputo. Nikaazima spika ya jirani anayepiga muziki harusini, kubwa kama kabati. Watoto wanaoziba masikio kwa cherehani moja, mimi nikawaletea kabati linaloimba. Niliwaza kwamba watoto hupenda sherehe. Nikasahau watoto gani.

Muziki ukalia. Puto likapasuka. Pacha mmoja akaingia chini ya meza, mwingine juu yake. Mtangazaji akatangaza hali ya hatari nchi nzima. Nikageuka kumtazama Kobe. Hayupo.

Mwanangu ukimwita haitiki. Si kiburi, jina linampita tu kama upepo. Na barabara ile ina malori. Nilikimbia bila viatu, naita na kuita jina ambalo najua haliitikiwi, maana sikuwa na kitu kingine mdomoni. Nikatazama chini ya lori lililosimama. Sitaki kuandika nilichokuwa naogopa kukiona.

Mama Ratiba akatokea, bado ana sare za kazini. Nilidhani atanigombeza. Akanishika mabega, akauliza, Mama Kobe, mtoto anapenda nini kuliko vyote? Nikasema kupanga vitu. Tukatazama ng'ambo ya barabara, wote wawili, kwa pamoja.

Walikuwa chini ya kaunta. Kobe, kichwa ndani ya fulana. Mzee Kijivu, kichwa ndani ya koti. Vidole masikioni, mtoto na mzee. Katikati yao droo ya nati na skrubu, imemwagika.

Mume wangu akaenda kuchomoa waya wa spika. Kimya kikashuka. Kichwa cha Kobe kikatoka. Halafu cha mzee. Kobe akaokota nati moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaitia kwenye kisanduku chake, cha saizi ile ile. Palepale, akasema. Mzee akaokota ya pili, akaitia. Palepale, akasema naye, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ugenini siku nyingi na ghafla amekutana na wa kwao.

Kumbe si maringo. Siku zote hizi tunamwita mtu maringo.

Akaiambia ile droo kwamba maisha yake yote ya duka wateja huchukua skrubu, wakaitupa popote. Huyu ni wa kwanza kuirudisha. Kisha akauliza kama spika itarudi. Nikasema hapana, baba. Akauliza nina hakika? Nilitaka kumkumbatia. Mama Ratiba alinishika gauni kwa nyuma.


Jumanne, 12 Machi

Mama Ratiba alikwenda jana kumwambia Mzee Kijivu kwamba leo atakuja, saa ngapi, na atasema nini. Mimi nilimwambia huko ni kupoteza utamu. Leo tulipofika mzee alikuwa amesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, majibu anayo.

Stoo ni yetu. Si ya kuazima. Aliwaita wanawe, akawasimamisha dukani, akasema mbele yetu kwamba chumba kile hakiuzwi wala hakipangishwi, hata yeye akiwa hayupo. Mwanawe mkubwa akaanza kusema, lakini baba, si tulikubaliana gereji. Mzee akasema gereji haijawahi kurudisha skrubu. Yeye hapendi kuhamahama, na sisi tusihame.

Akatoa masharti. Mlango ubaki kijivu, usiguswe. Spika hapana. Kushtukiza watu hapana. Hili la mwisho alilisema akinitazama mimi usoni. Tangu tumjue hajawahi kumtazama mtu, akachagua kuanza na mimi. Kila mtu akageuka kunitazama pia. Nikatazama ndoo.

Kisha akaiuliza mizani kama kituo ni cha watoto peke yao. Mama Ratiba akasema ni cha wote wa namna yetu, wadogo kwa wakubwa, Mtangazaji mwenyewe ana mvi. Mzee akanyoosha misumari kwenye sahani ya mizani, yote ielekee upande mmoja. Akauliza kama mwenye duka naye anaweza kuingia. Si kila siku. Na akae karibu na mlango.

Mama Ratiba alitoa kalamu, akachora picha ya mtu mwenye koti, akaibandika ukutani katikati ya picha za wengine. Ilikaa upande kidogo. Kobe akaenda akainyoosha.

Nimelia nyuma ya duka, karibu na mabomba, mpaka paka akaondoka.


Ijumaa, 15 Machi

Kesho tunafungua. Kila kitu kimechorwa, mpaka picha ya mimi nimekaa kimya kwenye kiti. Sikuipenda, ila imefanana nami.

Leo Kobe ameingia stoo kwa miguu yake, bila kubebwa, bila kukaa nje kwanza. Mahali papya. Amevua viatu, ameviweka sambamba na vya mzee, akalala kifudifudi kukagua. Baba yake alikuwa anafunga bawaba za dirisha. Aliacha, akajifanya cheche imemwingia jichoni. Hakuwa anachomelea.

Wiki hizi nimejifunza, nalikiri hapa kwa mkono wangu. Mama Ratiba alikuwa sahihi, mwanzo hadi mwisho. Watu wetu wanataka kujua kinachokuja. Sitamshtukiza mtu tena.

Isipokuwa hili dogo. Mzee ametupa chumba cha maisha, haiwezekani kumshukuru kwa mdomo mtupu. Mume wangu ana rangi ya njano iliyobaki kwenye geti la mteja. Mlango siugusi, ahadi ni ahadi. Lakini kuhusu toroli mzee hakusema neno. Kesho akienda kunyolewa nitalipaka, na nitalirudisha palepale, ila likiwa na furaha. Akirudi alikute linang'aa. Atayeyuka.

Sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Nililisema kwa sauti mara moja tu, kusikia linavyopendeza, na barazani hapakuwa na mtu zaidi ya Mtangazaji, naye alikuwa amefumba macho.

Nitaanza na gurudumu. Halafu mikono. Halafu ua kubwa ubavuni, jekundu, na katikati ya ua

Nje kuna mtu anasafisha koo. Habari kwa ufupi, anasema.

Mama Ratiba naye yupo, namsikia. Ananiita kwa jina la kwenye kitambulisho, yeye ambaye siku zote ni Mama Kobe tu. Nimeitika nakuja, dada, nakuja. Ila kwanza niandike nisije nikasahau mwenyewe, kopo la rangi nimelificha nyuma ya