Samaki Mia Nne Ambao Mume Wangu Hakuwaua

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Samaki,

Mwanangu, nakuita hivyo maana sauti yako redioni ni ya umri wa kifungua mimba wangu. Hujambo? Wa nyumbani kwako hawajambo? Huku mama mkwe anakusalimu, goti limepungua kuuma. Kifungua mimba na mumewe wanakusalimu. Kitinda mimba anakusalimu, ana mafua. Baba watoto hakusalimu kwa sababu hajui kama nakuandikia, na tafadhali asijue.

Nimesikia mnataka kufunga bwawa, watu wasivue tena kwa kujifurahisha, eti samaki wanakufa mno. Nalalamika kwa heshima zote:

1. Binti yenu aliyekuja nyumbani na fomu ya maswali alimuuliza baba watoto mwaka huu kavua samaki wangapi na kuwaachia wangapi. Akajibu, kifua mbele: arobaini, na wote nimewaachia! Mwanangu, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo. Hajawahi kumshika hata mmoja.

2. Binti akaeleza kwamba mliwaweka samaki walioachiwa kwenye kizimba majini, mkawatazama siku tatu, na katika kila kumi akafa mmoja kwa jeraha la ndoano. Kwa hiyo baba watoto kaua wanne. Alinuna hadi jioni, anaomboleza samaki ambao hawajazaliwa.

3. Tena akasema nyumba yetu ilichaguliwa kwa bahati nasibu isimame badala ya nyumba mia. Wanne mara mia ni mia nne! Mdomo wa mtu mmoja umejaza maiti bwawa zima.

4. Na kama nyumba nyingine mlizouliza zina waume kama wangu, je? Mnatangaza msiba usio na marehemu.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Baba watoto ni fundi saa mstaafu. Jumapili moja hakwenda bwawani: alifunua kila sufuria, akapanga vijiko kwa urefu, akafungua pasi iliyokuwa nzima. Sasa si nzima. Mkifunga bwawa, atakuwa nami siku saba kwa wiki. Hapo ndipo mtapata kifo cha kuhesabu, wala hamtahitaji kuzidisha.

Naomba mfute arobaini, muandike sifuri, na bwawa libaki wazi. Ila msimwambie, atakonda.

Wasalimie wote hapo ofisini, na binti wa fomu mwambie karibu tena, lakini aniulize mimi. Nijibu upesi mwanangu, kabla ya Jumapili.

Ni mimi mama yako,
nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kinyozi.

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, baba watoto kaingia kalowa mpaka masikioni, kakumbatia samaki mrefu kama mkono wangu! Mama mkwe kalia, mimi nimecheza. Nayafuta yote niliyosema juu yake. Andikeni arobaini na mmoja, wote kawaachia, na bwawa liacheni wazi hivyo hivyo. Huyu wa mwisho muwekeni kwenye waliokufa bila kukisia: yuko kwenye kikaango, namgeuza upande wa pili.