Maji Yanayobeba Kilima

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeamua kumaliza maji ya Shemeji. Si wizi. Maji ya chini ya ardhi hayana mwenyewe, ni ya aliyeyawahi. Nimelipima jambo hili tangu nilipoamka na dhamiri yangu imekubali bila ubishi.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Kinyozi, anaishi upande wa pili wa ua. Visima vyetu vilichimbwa kwa mashine moja, kwenye mwamba mmoja. Ukame huu, kila anayekaa kwenye kiti chake anasimuliwa jinsi kisima cha kinyozi kisivyotetereka. Mtu ana wembe shingoni, atafanya nini? Anasifu. Changu hakitajwi na mtu, na maji kinatoa vilevile.

Nimebadilishana na mwenye karakana: makopo ya rangi kutoka dukani kwangu, pampu kubwa kutoka kwake. Inanguruma mpaka madirisha yanajibu. Mke wangu ameuliza ile ndogo ina kosa gani. Nimemjibu haina kosa, ila haina maono.

Wasiwasi wake ni kitalu. Shule imemwagizia miche ya miparachichi, oda yake kubwa ya kwanza, na wanakuja kuichukua mwisho wa mwezi. Nimemwambia atamwagilia mpaka miche iombe msamaha.

Jumanne, 5 Agosti

Maji! Yametoka kwa nguvu hadi mpira ukanichomoka mkononi. Nimelowa mpaka soksi. Watoto wamepiga makofi. Nikachungulia juu ya ua kuona kama Shemeji anaona. Alikuwa anaona.

Kufika mchana bomba likaanza kukohoa. Maji ya kahawia, kisha uzi, kisha hewa tupu. Nikaongeza kasi ya pampu. Yakapungua zaidi. Kadiri nilivyovuta ndivyo yalivyokataa. Shemeji, bila kuulizwa, akatamka juu ya ua kwamba mtaka yote hukosa yote. Na kisima chake kimeshuka kidogo. Nimefarijika.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna maji. Majani ya miche yamelegea. Mke wangu anabeba ndoo kutoka kwa kaka yake na kwangu anatuma watoto waseme anachotaka kusema.

Amekuja mtaalamu wa miamba, dada mpole mwenye buti zilizokauka matope. Akashusha kamera ndogo kisimani kwa waya. Tukakaa kwenye vigoda tukitazama kioo cha kamera: mimi, mke wangu, na Shemeji, ambaye hakualikwa.

Sijui niandikeje. Mwamba unapita, wa kijivu, unang'aa kwenye taa, unapita tena, hauna tundu, hauna kitu. Kisha ufa. Mmoja tu. Mwembamba, ukucha hauingii. Mtaalamu akasema maji yetu yote yanapita hapo. Chai yetu, kuoga kwetu, miche, na vichwa vyote anavyoviosha Shemeji.

Akaeleza kwamba kilima kizima kimeulalia ule ufa na kinataka kuufumba. Kinachokizuia ni maji yenyewe. Yamo ndani, yanasukuma kuta zisikutane. Nilipoyavuta kwa pupa, msukumo ukapungua, mwamba ukajikaza, njia ikajibana. Nilichokuwa navuta ndicho kilichokuwa kimeshikilia mlango.

Nimeduwaa. Miaka yote hii tumelala juu ya jiwe linalozuiwa na maji membamba kuliko ukucha wangu, na hakuna aliyetuambia. Nikaweka kiganja ardhini. Mke wangu akaweka chake karibu na changu. Akanisemesha mwenyewe, akasema Mungu ana kazi. Shemeji naye akainama, akaweka kiganja. Hilo nalo ni la ajabu.

Dawa, alisema mtaalamu, ni kisima kupumzika, kisha pampu ndogo irudi. Ufa utafunguka, ingawa huenda usiwe kama zamani. Nimemshukuru sana. Msomi kweli. Maono ndiyo hana.

Ijumaa, 8 Agosti

Ikiwa maji ndiyo yanayofungua ufa, kusubiri ni kwa nini? Nitayarudisha kwa nguvu.

Nimeleta lori la maji. Fundi wa kuchomelea kaziba mdomo wa kisima kwa chuma, kaacha tundu la bomba. Pampu kubwa tukaigeuza isukume. Mshale wa kipimo ukapanda, ukapanda, fundi akasogea nyuma, mimi sikusogea. Ghafla ukaanguka. Chini ya nyayo nikasikia pigo moja, zito, la mbali. Vikombe vikagongana kabatini. Na lori likaanza kunywewa.

Mimi, muuza rangi, nimefungua kilima. Machozi yamenitoka, na sioni haya kuyaandika.

Kisha kelele upande wa pili. Kisima cha Shemeji kinafurika! Maji yangu, ya lori langu, yamepita ndani ya jiwe na kutokea kwake. Wateja wametoka na mashuka shingoni kuja kushuhudia. Shemeji amenishukuru mbele yao. Nilikasirika, lakini hata hivyo nilistaajabu. Jiwe lote lile, gizani, na maji yamejua pa kupita.

Jumapili, 10 Agosti

Mtaalamu karudi. Amesema nimeifungua njia ya kwa Shemeji, na nikitaka changu kipone nisikiguse. Akarudia polepole, akimtazama mke wangu.

Mke wangu amehamisha kitalu. Mche mmoja mmoja, kupitia pengo la ua, mpaka kwa kaka yake. Amesema shule haiwezi kusubiri nimalize kustaajabu. Nimekwenda kuitazama miche. Majani yameanza kusimama. Imenichoma, nakiri.

Nimemwomba airudishe. Amesema hii itamalizikia huko, ila mbegu za msimu ujao atazipanda nyumbani, kwa sharti moja: niiache ardhi itulie. Nimeahidi kwa moyo wote. Akatabasamu. Siku nyingi sijaliona tabasamu lile.

Jumatatu, 11 Agosti

Ahadi ni ahadi. Pampu kubwa nimeirudisha karakana. Sivuti tena, sisukumi tena.

Ila maneno ya mtaalamu hayaniachi. Uzito hufumba ufa. Kilima kizima kinatii sheria moja ndogo kama hiyo, na mimi nimeielewa! Basi njia ya kwa Shemeji ikandamizwe kutoka juu, maji yarudi nyumbani. Kokoto hazivuti, hazisukumi. Zinakaa tu. Hakuna kitu kilichotulia kama kokoto.

Nimeagiza malori matatu. La kwanza limefika saa hii, na dereva anauliza amwage wapi, maana uwanja wetu umejaa. Nikatazama huku na huku. Bahati iliyoje: pale palipokuwa na kitalu pako wazi. Mke wangu alipafagia mwenyewe jana jioni, akapalainisha kwa udongo mpya. Nimemwonyesha dereva hapo hapo.