Keki za Mama Mkwe Zageuka Fahali

Habari ilifika Chepilat asubuhi kabla hata mkate haujafika. Kwamba kamati ya harusi ilikuwa imekaa kule upande wa Nyamira, pasta katikati, bibi harusi pembeni, ikafungua simu kuchagua keki ya ghorofa tatu. Wakaandika anwani sawasawa, kekizaphelis, wakangoja maua na sukari. Simu ikawatolea fahali mweusi, kifua wazi, na maneno makubwa chini yake: KAMANDA. HACHOKI. ANAFIKA MPAKA KWAKO.

"Woi! Na pasta alifanya nini?" aliuliza Jerusa, mwenye kibanda cha chai, mikono yote kwenye unga wa mandazi.

"Alifunga mkutano na maombi," alisema Redio. Jina lake la kanisani ni Kipkirui, lakini ukimsikia mara moja utajua kwa nini jina hilo halitumiki. Ni mtu wa bodaboda ambaye pikipiki yake hupumzika kuliko mdomo wake. "Wanasema nyanya ya bibi harusi ndiye alikataa kurudisha simu. Ati huyo ng'ombe ni mzuri."

Benchi lote likacheka, isipokuwa Omosa. Omosa alikuwa na laptop juu ya magoti na chai iliyopoa mpaka ikashika ngozi. Atacheka na nini? Kurasa hizo za mtandaoni, ya keki na ya fahali, ni yeye aliyezitengeneza, ndiyo maana wakamwita Fundi Seva. Huyo Phelis wa keki ni mama mkwe wake. Na tangu jana mkewe Moureen amefunga nguo kwa leso akaenda kwao, akaacha neno moja tu mlangoni: nitarudi siku keki zitafunguka.

"Kwani uliweka keki na ng'ombe nyumba moja?" aliuliza Johana, anayepima majani chai kwenye kituo cha kununulia. Wanamwita Mzee Kilo.

"Ni mashine moja, mzee. Hiyo ndiyo seva. Inabeba tovuti tatu: ya daktari wa mifugo wa Chebunyo anayeuza mbegu za fahali za kupandikiza ng'ombe, ya kwaya, na hiyo ya keki. Ni kama boma moja, geti moja, nyumba tatu. Mgeni akifika, askari anamuuliza, unataka nani? Akitaja jina anapelekwa."

"Na akitaja jina askari hajui?"

"Anapelekwa nyumba ya kwanza."

"Na nyumba ya kwanza ni ya nani?"

Omosa akashusha sauti. "Ya fahali."

Redio akapiga benchi kofi mpaka vikombe vikaruka.

"Wachaneni na yeye, hiyo mimi naelewa," alisema Johana. "Hata kwa kituo, mtu akileta majani na jina lake halionekani kwa mashine, mimi naandikia wa kwanza."

"Ndiyo maana huyo wa kwanza amejenga nyumba ya mawe!" alisema Redio.

"Kwanza wa kwanza ni nani?" aliuliza Jerusa.

Johana akageukia kikombe chake. "Turudi kwa ng'ombe."

Omosa hakuwa na muda wa hayo. Alimpigia Moureen, akamwomba asikate, akaweka sauti ya nje na kuilaza simu benchini, ili kule mtu atazame na huku mtu arekebishe.

"Nimezima seva nikawasha. Fungua sasa."

"Ng'ombe," alisema Moureen.

"Toka kabisa, kisha uingie tena."

"Ng'ombe. Na ananiangalia."

"Jaribu na simu ya mama."

"Mama amesema simu yake haitaingiza huyo mnyama."

Jasho likamtoka Omosa, ilhali Chepilat asubuhi hiyo ilikuwa baridi ya kuvaa makoti mawili. Anwani ilikuwa inafika kwa mashine, hilo alikuwa amehakikisha. Picha za keki zilikuwepo, alikuwa anaziona kwa macho yake. Basi shida iko wapi, jameni?

"Hebu soma hayo majina yenye ulimpea askari wako," alisema Johana. "Soma kwa sauti."

"Mbegu Bora Chebunyo. Kwaya ya Furaha. Na... keki za mama."

"Mama gani?"

"Mama."

"Na watu wakitafuta wanaandika mama?"

"Hapana. Wanaandika lile jina lake."

"Sasa wewe mbona hukuandika lile jina lake?"

Omosa akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Kwao mama mkwe hatajwi jina. Humpi mkono, huli naye meza moja, na ukimwona barabarani unatafuta kichaka cha kupitia. Mtu kama huyo utawezaje kumtandaza kwa kompyuta, herufi moja moja, ukimgonga kwa kidole?

"Nyumbani ukisema mama," alijitetea, "kila mtu anajua ni nani."

"Kwani seva nayo imeoa kwao?" Redio aliruka akasimama. "Bwana Fundi! Bibi amehama, harusi ya wenyewe imeingiliwa na Kamanda, juu ya jina? Hizo ni mambo za kitambo! Jina ni jina tu. Mimi naweza andika hilo jina hata kwa ukuta ya soko!"

"Asante sana," alisema Omosa, akamsukumia laptop. "Andika."

Redio akaitazama kama sufuria iliyotoka motoni. "Mikono yangu iko na oil."

Jerusa akamrushia kitambaa.

"Hii kompyuta siijui vizuri."

"Na juzi si ulibeti mpira kwa hiyo hiyo?" alisema Johana.

"Basi Mzee Kilo aandike."

"Sina miwani. Wewe ndiye ulisema jina ni jina tu."

"Si ati siwezi." Sauti ya Redio ilikuwa imeshuka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Ni vile tu... mimi na Mellen... tunaelewana."

"Mellen gani?" aliuliza Jerusa.

"Huyu wa kwao. Mdogo wake Moureen."

Macho yote yalienda kwenye simu pale benchini, ambayo ilikuwa bado inawaka, kwa maana hakuna mtu aliyekuwa ameikata. Ndani yake kifuniko cha sufuria kilianguka. Kisha ikaja sauti ya mama mwenyewe, si ya Moureen, na haikumsemesha mkwe yeyote:

"Mellen! Hebu kuja hapa!"

Redio akavaa helmeti, ingawa pikipiki alikuwa ameiacha ng'ambo ya soko. Jerusa akapangusa unga, akavuta laptop, akaandika jina zima mwenyewe bila kumuuliza mtu. Omosa alitazama mashamba ya chai mpaka Jerusa alipomaliza, ndipo akageuka akahifadhi na kuwasha upya.

"Moureen, fungua sasa," alisema.

"Imefunguka," Moureen alinong'ona. "Keki. Ghorofa tatu, na maua yote."

Omosa nusura alie mbele za watu. "Basi nakuja kukuchukua saa hii, mama watoto. Fungasha."

Nyuma ya Moureen kelele zilikuwa zimepanda, mtu analia, mtu anauliza tangu lini, tangu lini.

"Leo? Ah-ah, Omosa. Pika ugali ule ulale. Hii ya Mellen siwezi kuiacha katikati."

Akakata simu.